Mainfluensa na maisha yetu ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nakutana nayo sana, kwa ndugu, kwa marafiki, kwa wazazi wenye mabinti, hata kwa watu wazima ambao wanauliza kwa sauti ya chini kidogo kama wanaona aibu. Nimeamua kuyajibu sehemu moja. Na niseme mapema naelekea wapi: mi naamini mainfluensa hawatubadilishi sana kwa vitu wanavyotuuzia, wanatubadilisha kwa kutupangia upya nini ni kawaida. Hilo ntalirudia huko chini maana ndo kiini chenyewe.

Influensa ni nani hasa, na ana tofauti gani na staa?

Staa ulimjua kwa kazi yake kwanza, anaimba, anacheza mpira, anaigiza, alafu umaarufu ukafuata. Influensa yeye anajulikana kwa kuposti mtandaoni, na ukaribu wake na nyie mnaomfuatilia ndo bidhaa. Anaweza akawa anaongelea mapishi, mazoezi, malezi, simu mpya au mapenzi, lakini kinachokurudisha kwake kila siku ni yeye mwenyewe. Na sio lazima awe na mamilioni ya mafolowa. Kwenye biashara hii kwa kawaida wanawapanga kwa ukubwa, wenye elfu moja mpaka elfu 10 wanaitwa nano, wenye elfu 10 mpaka laki moja wanaitwa maikro, na makampuni mengi yanawatafuta hao wadogo kwa sababu wafuasi wao wanauliza, wanajibiwa, wanaamini, wakati mwenye mafolowa milioni 20 ni kama bango la barabarani, unaliona ila huongei nalo.

Kitu hiki kimeanzia Instagram?

Hapana. Uingereza, miaka ya 1760, kulikua na mfinyanzi anaitwa Josiah Wedgwood, alimtengenezea Malkia Charlotte seti ya vyombo, akapewa ruhusa ya kujiita mfinyanzi wa Malkia, na vyombo vya aina ile akaviuza kwa jina la Malkia. Watu wakavitaka kwa sababu hiyo. Kwahiyo kununua kitu kwa sababu fulani anacho ni tabia ya zamani sana.

Kilichobadilika ni umbali. YouTube ilianza 2005, mwaka 2007 ikaanza kugawana hela za matangazo na wanaoweka vidio, Instagram ikaja Oktoba 2010, TikTok ikaanza kusambaa nje ya China 2017. Malkia Charlotte hakuwahi kumwambia mtu "jamani mmeamkaje wapenzi wangu" akiwa na nguo ya kulalia. Hawa wa leo wanakuambia hivyo kila siku.

Wanapata hela wapi?

Njia ni nyingi, kuna brandi inayolipa kwa posti, kuna mgao wa matangazo (YouTube mwaka 2018 waliweka sharti la kuwa na sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo uanze kulipwa), kuna zawadi za kwenye laivu, kuna wanaouza bidhaa zao wenyewe. Ila ile ambayo watu wengi hawaijui ni linki. Ile linki anayosema "nimewawekea hapo kwenye bayo", au ile promo kodi (neno la kuandika upate punguzo) yenye jina lake, mara nyingi inahesabu kila anayenunua kupitia kwake na yeye anapata asilimia yake. Sio dhambi. Ila mtu anayelipwa ukinunua, na halipwi usiponunua, hawezi kuwa mshauri wako huru hata akiwa na moyo mzuri kiasi gani.

Na kitu cha bure nacho ni malipo. Simu ya kupewa, hoteli ya kupewa, gauni la kupewa, vyote hivyo vinalegeza ulimi.

Kwanini namwamini mtu ambaye hata hajui kama nipo?

Hili swali nalipenda kuliko yote, na jibu lake ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu watangazaji wa redio na televisheni, wakaona kwamba mtu anayeangalia kamera moja kwa moja na kuongea kama anaongea na wewe peke yako anakujengea hisia ya urafiki, urafiki wa upande mmoja, we unamjua yeye ila yeye hakujui. Hapo ilikua televisheni ya sebuleni, imekaa mbali, na mnaitazama familia nzima. Sasa chukua simu, iko karibu na pua yako, uko kitandani, taa imezimwa, na anaongea mtu ambaye unajua jina la paka wake, unajua aligombana na mama yake lini, unajua anaogopa sindano. Moyo haukagui kama urafiki ni wa pande mbili, unapokea tu.

Mi nilishawahi kulia, machozi kabisa, siku mdada mmoja niliyekua namfuatilia alivyosema amepoteza mimba, na ile huruma ilikua ya kweli, siijutii. Wiki mbili baadae akaweka linki ya vitamini nikanunua bila hata kusoma zimetengenezwa na nini. Hapo ndo nilikuja kuelewa, hakunidanganya kitu kuhusu mimba, lakini njia ambayo hela yangu ilipita ni ile ile yalipopita machozi.

Mi sinunui chochote wanachotangaza, kwahiyo hawaniathiri, si ndiyo?

Hapana, na hapa naomba tukae kidogo.

Siku moja rafiki yangu ambaye anatengeneza kontenti aliniomba nikamshikie simu arekodi vidio ya sekunde 40 inaitwa asubuhi yangu. Nilifika kwake saa nane mchana. Tulisogeza kitanda karibu na dirisha, tukatandika shuka ambalo alilitoa kwenye pakiti siku ile ile, tukawasha taa mbili, rundo la nguo lililokua sakafuni tukalisukuma nyuma yangu pale nilipokua nimesimama na simu, mtoto wake akapelekwa kwa jirani. Akapaka mekapu ya kuonekana hajapaka mekapu, hiyo peke yake ilichukua kama lisaa. Alafu akaingia kitandani akaamka. Aliamka mara 11, nilihesabu, mara nywele zimekaa vibaya, mara jicho moja limefunguka kabla ya lingine. Kikombe alichokua ananywea kilikua kitupu kabisa. Tulimaliza jua linazama, mtoto amerudishwa analia njaa, na yeye amechoka hana hata nguvu ya kurudisha zile nguo.

Usiku akaposti. Komenti ya kwanza niliyoiona iliandikwa na mdada anasema "mbona mi nikiamka nafanana na mtu aliyetoka vitani, nifanyeje jamani".

Yule mdada hakununua kitu, hakukua hata na bidhaa inayouzwa kwenye vidio ile. Ila alitoka pale ameona asubuhi yake ina kasoro. Hicho ndo nachosema. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu tunajipima kwa kujilinganisha na wenzetu, na hasa wale tunaoona wanafanana na sisi, hatujipimi na mfalme, tunajipima na jirani. Influensa anakuja kama jirani. Chumba chake kinafanana na chako, umri wenu ni mmoja, na yeye anasema ametoka familia ya kawaida. Kwahiyo kipimo kinakuingia. Unajikuta birthday ya mtoto wa mwaka mmoja inahitaji rangi za kufanana, mimba inahitaji mpiga picha, chakula kinapoa watu wanapiga picha, mchumba anayekuletea zawadi bila kukurekodi unaona kama hajakupenda kiivyo. Maneno tunayoongea tumeyatoa kwao. Hata namna ya kugombana, sikuhizi watu wanagombana kwa misamiati ya vidio za mahusiano, kila mtu anamwita mwenzake "toksiki" wakati labda mwenzake alikua na siku mbaya tu.

Na haya yote hakuna aliyekuuzia kitu.

Ntajuaje kama posti imelipiwa?

Nchi nyingi zina sheria au miongozo kwamba tangazo lijulikane kuwa ni tangazo. Marekani mamlaka yao ya biashara, FTC, iliweka mabloga kwenye miongozo yake tangu 2009. Ufaransa ndo walikaza zaidi, Juni 2023 walipitisha sheria ya mainfluensa yenye adhabu zinazofika kifungo cha miaka miwili na faini ya euro laki tatu, na imewakataza kabisa kutangaza mambo kama upasuaji wa urembo.

Ila sheria iko mbali na kidole chako, kwahiyo angalia mwenyewe. Neno "tangazo" limefichwa katikati ya hashtegi 20? Kuna watu watatu unaowafolo wote wamependa kitu kimoja wiki moja? Sentensi inasikika kama sio yeye anaongea, amezoea kuongea ovyo ovyo alafu ghafla anataja jina kamili la bidhaa na sifa zake nne kwa mpangilio? Mi kipimo changu kikubwa ni hiki, amesema kasoro hata moja? Mtu aliyetumia kitu kwelikweli ana kitu cha kulalamikia, hata kama ni mfuniko mgumu kufungua.

Nifate ushauri wao wa afya na ngozi?

Muulize kwanza amesomea wapi. Australia kulikua na Belle Gibson, alijenga jina kwa kusema ana kansa ya ubongo na anajitibu kwa kula vizuri na tiba mbadala, akatengeneza aplikesheni, akatoa kitabu, watu wagonjwa wa kweli wakamfuata. Mwaka 2015 alikiri kwamba hakuwahi kuwa na kansa. 2017 mahakama ikampiga faini ya dola 410,000 za Australia. Faini ni hela tu, fikiria mgonjwa aliyemuamini akachelewa matibabu.

Na mdogo wangu mimi aliagiza krimu aliyoiona kwa mtu anayemuamini, ilikuja kwenye kopo halina orodha ya viungo, halina tarehe, lina stika tu yenye ua. Siku ya nne mashavu yalikua mekundu kama yamemwagiwa maji ya moto, na tulivyofika kwa daktari swali lake la kwanza lilikua umepaka nini, tukampa lile kopo, akaligeuza geuza, hakukua na kitu cha kusoma. Kopo lisilosema lina nini lisiguse uso wako, hata akitangaza nani.

Na hizi fursa za uwekezaji, forex, sarafu za kidijitali?

Hapa sina maneno ya kulainisha, usiweke hela yako kwa sababu ya influensa. Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri na SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, kwa sababu aliposti kuhusu sarafu ya EthereumMax bila kusema kwamba amelipwa dola 250,000 kwa posti ile. Huyo ni mtu mwenye mawakili, je huyu anayekuonyesha gari (ambalo linakodishwa kwa masaa kwa ajili ya picha) na kukuambia "njoo inbox nikuelekeze"? Anayetajirika kwa kutredi hana haja ya ada yako ya darasa.

Kuna na ile ya Fyre Festival, Bahamas, 2017. Wanamitindo na watu maarufu waliposti mraba wa rangi ya chungwa kutangaza tamasha la kifahari kisiwani, tiketi zikanunuliwa, watu walivyofika wakakuta mahema ya msaada wa maafa na vurugu. Mwandaaji, Billy McFarland, akahukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018. Mraba wa rangi moja tu ulitosha kuwatoa watu makwao.

Filta zina ubaya gani, si mchezo tu?

Ukiweka masikio ya sungura ni mchezo. Shida ni ile filta ambayo haionekani, inayopunguza pua kidogo, inalainisha ngozi, inanyoosha taya, alafu ukiizima unauona uso wako ulioishi nao miaka yote unakua kama umekosewa. Septemba 2021 Wall Street Journal walichapisha nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, na moja ilikua imeandika kwamba Instagram inazidisha tatizo la kujiona vibaya mwili kwa msichana mmoja kati ya watatu. Kampuni ililalamika kwamba imeelezwa visivyo, ila maneno yaliandikwa na watu wao. Norway tangu Julai 2022 tangazo lenye picha ya mwili uliobadilishwa lazima liwekewe alama. Mi natamani hiyo alama iwe kila nchi.

Mafolowa wengi maana yake anaaminika?

Hapana, wananunulika. Mwaka 2019 FTC ilimalizana na kampuni inaitwa Devumi iliyokua inauza mafolowa na laiki feki. Soma komenti badala ya namba, kama ni emoji za moto na "wow nzuri" mia mbili mfululizo, hapo hakuna watu.

Kuna mainfluensa ambao sio binadamu?

Wapo. Lil Miquela yupo Instagram tangu 2016, ametengenezwa kwa kompyuta, na brandi kubwa zimefanya nae kazi. Sa hivi na akili mnemba ndo wanaongezeka. Ngozi ambayo haijawahi kuwepo haiwezi kukushauri kuhusu mafuta ya ngozi.

Mwanangu anasema akikua anataka kuwa influensa, nimkataze?

Usianze na kukataza, anza na kumuuliza anataka nini hasa ndani yake. Wengine wanataka hela, wengine wanapenda kweli kurekodi na kuediti, na hicho ni kipaji na ni kazi yenye soko. Wengine wanataka kuonekana, na ukimsikiliza vizuri utagundua kuna mahali haonekani, labda shuleni, labda hapo hapo nyumbani. Huyo wa mwisho mkalie karibu.

Umri nao uangaliwe. Mitandao mingi inaanzia miaka 13, namba ambayo imetokana na sheria ya Marekani ya 1998 ya faragha ya watoto, na Australia tangu tarehe 10 Desemba 2025 imepandisha mpaka 16 kwa mitandao mikubwa. Alafu kuna upande ambao wazazi hatupendi kuambiwa, kwamba wengine tumewafanya watoto kuwa mainfluensa kabla hawajajua kusema hapana. Mtoto anarekodiwa akilia, akioga, akikosea. Ufaransa tangu 2020 wana sheria inayolinda hela za watoto chini ya miaka 16 wanaorekodiwa kibiashara, na jimbo la Illinois kule Marekani kuanzia Julai 2024 mtoto ana haki ya sehemu ya mapato. Kabla hujaposti jiulize kama angekua na miaka 20 angekuruhusu.

Mbona mnawasema vibaya tu, hawana faida?

Wana faida kubwa sana na ntakua mwongo nikikataa. Kuna madaktari wanaoeleza presha kwa lugha ambayo bibi anaielewa. Kuna walimu wa hesabu ambao wamewafundisha watoto ambao hawatakaa wawaone. Kuna watu wenye ulemavu wanaoonyesha siku yao ilivyo, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine mwenye hali ile ile anajua hayuko peke yake. Namjua mama mmoja ambaye baada ya kujifungua alikua anakaa tu anaangalia ukuta, hakujua kama ule ni ugonjwa, mpaka akakuta vidio ya mwenzie anaelezea hali hiyo hiyo akaenda hospitali. Nguvu ni ile ile, ukaribu ule ule. Kwahiyo wanaoitumia vizuri tushee vidio zao, tuwakomentie, tusiwaache wanapigania laiki tatu tatu.

Basi nifute aplikesheni zote?

Ukiweza na moyo unakutuma, futa. Wengi hatuwezi, kazi ziko humo, ndugu wako humo. Ila elewa mashine inavyofanya kazi, inaangalia umekaa sekunde ngapi kwenye kitu, haijali kama ulikaa kwa kupenda au kwa hasira. Ukimuangalia unayemchukia mpaka mwisho na kumkomentia matusi, umemuombea aonekane kwa wengine na umejiombea uletewe wenzake. Mpite. Bonyeza ile sehemu ya "sivutiwi". Mi mtu akinishinda namyut, yaani nazima posti zake nisizione, au namtoa kabisa. Nikitaka kununua kitu nilichokiona mtandaoni nakiacha siku tatu, na mara nyingi siku ya tatu nakua nimesahau hata kilikua cha rangi gani. Alafu kuna kitu nafanya jumapili jioni, napitia niliokua nawaangalia wiki ile, mmoja mmoja, najiuliza nikitoka kwake najisikiaje. Kuna watu wazuri kabisa, hawajanikosea, ila kila nikitoka kwao naiona nyumba yangu mbaya. Nawaanfolo bila ugomvi.

Nimeshatapeliwa na kitu alichotangaza influensa, nifanye nini?

Usikae na aibu kwanza, aibu ndo inawalinda. Piga skrinshoti ya posti, ya stori hasa maana stori inapotea baada ya masaa 24, ya linki, ya meseji mlizoandikiana na ya malipo, tarehe zionekane. Kama umelipa kwa benki au simu piga siku hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kila saa linalopita nafasi inapungua. Ripoti posti kwenye mtandao wenyewe, alafu peleka malalamiko kwa mamlaka ya kulinda walaji ya nchi yako na polisi kama ni hela nyingi. Kama ni kitu umepaka au umemeza, acha kutumia leo na uende hospitali na kopo lenyewe, usilitupe. Andika na komenti pale chini ya posti, kwa lugha ya kawaida bila matusi, akiifuta iandike tena. Na mtu yeyote akikufuata inbox akisema anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, mblok hapo hapo, huyo ni tapeli wa pili anayepita nyuma ya yule wa kwanza.